Ustadh Dilbahar Hakuwahi Kuzaliwa

Alhamisi asubuhi, Ghazanfar akiwa ananyoa ndevu, alisikia mwanamume akisafisha koo jikoni. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kile cha mwimbaji anayejiandaa kuanza, mara mbili, taratibu. Akaenda na povu lake mashavuni. Jikoni hakukuwa na mtu ila mkewe, Shamshad, anachambua dengu kwenye sinia, na harufu ya kafuri ya maiti iliyojaa hadi mlangoni.

"Nani kakohoa?"

"Mimi," Shamshad akajibu, mkono kooni. "Sijui kuna nini kimenikaa hapa."

Ghazanfar akarudi kwenye kioo. Lakini masikio yake hayakuwa na kasoro, na kikohozi kile hakikuwa cha mwanamke.

Sasa sikieni upumbavu ulikoanzia. Kila Jumatatu, alasiri, wazee watatu wa Lahore, Ghazanfar akiwamo, hukaa chumba cha juu kwa mmoja wao, Tufail, daktari wa meno, kila mmoja na kanda yake mfukoni. Sharti ni kuleta wimbo ambao wenzako hawaujui. Sharti zuri, isipokuwa hajawahi kutokea hata mmoja wao akakubali kwamba haujui. Lete wimbo wa wachunga ngamia wa jangwani, lete wa harusi za Bukhara, Wakili Yawar atafumba macho na kusema, "Naam, huu wa zamani." Watu wazima, mvi tele, wanadanganyana kwa nyimbo! Na Ghazanfar ndiye aliyewazidi wote kwa majivuno.

Kisha akaja Naim, muuza vifungo. Wiki nne mfululizo kijana huyo akaleta nyimbo nzuri mno, hadi Daktari akasahau kujifanya na kulia mbele za watu. Ghazanfar hakuvumilia. Muuza vifungo, jamani!

"Kijana," akamwambia, "Ustadh Dilbahar Khan, mwimbaji wa Jalalpur, unamjua?" Akajigusa ndewe ya sikio, kama wafanyavyo watu wa muziki wanapomtaja bingwa aliyekufa, kumwomba radhi kwa kulitamka jina lake.

Dilbahar huyo hakuwahi kuzaliwa. Ghazanfar alimtunga pale pale, kikombe cha chai mkononi.

"Ah, Dilbahar!" Daktari naye akagusa sikio.

Wakili akagusa lake. "Nilimsikia Multan, nikiwa mwanafunzi. Watu walizimia siku ile."

"Mimi sijamsikia," Naim akasema. "Kanda yake naipata wapi, mzee wangu?"

"Ipo moja tu duniani, na iko nyumbani kwangu."

Wakamcheka. Naim akakusanya kanda zake, akawaaga kwa adabu, akaondoka asirudi tena. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ndipo koo likasafishwa jikoni.

Shamshad alikuwa mwanamke wa kuimba. Miaka thelathini ya ndoa ameimba nyimbo za sinema akisukuma chapati, na miaka thelathini mumewe amemwambia anyamaze na takataka zake. "Wewe na wenzako mnasikiliza muziki kwa kununa," alizoea kumjibu. "Mtu akiwaona atadhani mna maiti ndani." Ijumaa alifungua kinywa aimbe wimbo wake wa kila siku, na iliyotoka ni sauti ya mwanamume, nzito, tamu kuliko chochote alichowahi kusikia Ghazanfar. Shamshad akajiziba mdomo kwa mikono miwili yenye unga, na sauti ikaendelea kuimba nyuma ya mikono ile, ikapanda, ikazunguka, ikashuka tena polepole, huku machozi yakimtiririka na kifua chake kikipanda na kushuka kwa pumzi isiyokuwa yake.

"Mume wangu," alinong'ona ilipokwisha, "kuna mtu ndani yangu. Nikinyamaza, yeye anahema."

Kufika Jumapili alikuwa amebakiwa na mnong'ono tu. Akaitwa Bibi Zohra, mpunga pepo, mwanamke mfupi mwenye maneno makavu. Alinusa kafuri mlangoni, akamsikiliza Ghazanfar hadi mwisho, akasonya.

"Kuna majini hayana jina," akasema. "Huyu nyinyi mmempa jina, mmempa mji, na watu watatu mmemgusia sikio. Hiyo ni shahada kwamba yupo. Halafu wewe ukamwelekeza nyumba. Amekuja, hakukuta kanda, akatafuta koo linaloimba."

"Atoke vipi, bibi?"

"Waje wale wenzako. Wote watatu mseme mbele yake kwamba hammjui na hamjamsikia. Kabla ya magharibi ya kesho. Baada ya hapo koo ni lake, na mkeo hutamsikia tena."

Jumatatu alasiri wakaja. Shamshad alikaa kwenye zulia, kajifunika mtandio wake wa dupata hadi machoni, na Ghazanfar, ambaye hajawahi kumwomba mtu msamaha maishani, akapiga magoti mbele ya chai na biskuti.

"Nilidanganya," akasema. "Nilitaka kumdhalilisha yule kijana. Dilbahar hayupo. Hajawahi kuwapo. Semeni hammjui, ndugu zangu, mke wangu anakufa."

Daktari akakoroga chai yake.

"Usitutanie, kaka," Wakili akasema mwishowe. "Sasa mimi Multan nilimsikia nani?"

"Hukumsikia mtu! Ulidanganya kama mimi!"

"Mimi?"

"Neno moja tu," Bibi Zohra akasema. "Simjui. Semeni, jua linazama."

Daktari akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Daktari, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie kuwa mjinga. Wala hawakuwa wakatili. Waliona aibu tu, basi, aibu ya kukiri wimbo wasioujua.

Shamshad akasafisha koo mara mbili, na ile sauti ikatoka, ikaijaza sebule hadi vikombe vikalia kwenye sahani zake, na kafuri ikawa nzito kiasi cha kuchoma macho, na Daktari Tufail, ambaye kwa hofu alikuwa amejimwagia chai mapajani, akainua mkono wake taratibu akagusa sikio.

"Subhanallah," akasema. "Ndiye mwenyewe."

"Si niliwaambia?" Wakili akafumba macho. "Hivi hivi, Multan."

Bibi Zohra akavaa viatu vyake. "Mgeni aliyekaribishwa hivi mimi simtoi," akasema, akatoka.

Ghazanfar akamshika mkewe mabega. "Shamshad! Niambie neno, lolote! Imba takataka zako!" Midomo ya Shamshad ikajaribu. Hata mnong'ono haukutoka. Kisha mkono wake ukainuka kwenye paji la uso, ukatoa salamu ya kiume kwa mashabiki.

"Ule mstari wa kwanza, Ustadh," Wakili akaomba. "Turudie."

Naye akarudia.