Boksi la Hermani

Basi la Arusha liliingia stendi ya Haydom saa tisa alasiri, limejaa tope hadi madirishani. Watu wakalisonga: wagonjwa waliokuwa wameshikwa mikono na ndugu zao, akina mama wenye mabegi, mawakala wakiita majina ya wenye mizigo. Efrazia alipenya mpaka dirishani, sweta lake la njano amelifunga kiunoni juu ya kitenge cha bluu. Akakabidhiwa boksi lililozungushiwa nailoni nyeusi, akakimbia nalo kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena.

Alilifungulia kibandani kwake, juu ya meza ya cherehani. Alikuwa ameagiza zipu na vifungo vya sare za wauguzi. Akakuta picha ya ndege ndogo nyeupe yenye mabawa juu, na chini ya picha vipande vingi vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kama punje ya mtama. Chini ya nailoni palikuwa na karatasi yenye jina na namba ya simu. Akapiga.

"Habari, kaka. Wewe ndiye Sebastiani Sulle?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nimeagiza vifungo, nimeletewa ndege. Kwako hali ikoje?"

"Kwangu kuna vifungo," sauti ya taratibu ikajibu. "Nilikuwa nawaza nitavirushaje."

Efrazia alicheka hadi mteja aliyekuwa akipimwa gauni akageuka kumtazama.

Sebastiani alikuja jioni hiyo hiyo, kijana mrefu mwenye koti la kazi lililochafuka unga wa plasta. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia hospitalini. Aliweka vifungo mezani, akalipokea boksi lake kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Ni ya mtoto wako?" Efrazia aliuliza.

"Ni yangu. Sina mtoto." Akaona Efrazia anavyotabasamu. "Cheka tu, dada. Kiwanda kiliacha kuitengeneza hii kabla sijazaliwa. Mwaka huu wametoa zile kalibu za zamani, vyuma vya kumiminia plastiki, stoo, wakaitoa upya, na stika mpya. Nimeisubiri sana."

"Na ukishaiunganisha, inaruka?"

"Hairuki."

"Basi mimi nimekuzidi. Gauni langu likiisha, linatembea."

Siku tatu baadaye Sebastiani alirudi kuomba uzi mwembamba kuliko wote aliokuwa nao Efrazia, wa kufanya waya wa redio kwenye ndege nyingine. Wiki iliyofuata akarudi kuomba uzi uleule, wakati ule wa kwanza haujaisha. Efrazia hakuuliza. Alivuta stuli, akamkaribisha chai.

Hivyo ndivyo walivyopendana, polepole, kama watu wanaosubiri gundi ikauke. Jumapili baada ya misa, Efrazia alikwenda chumbani kwa Sebastiani, mlango ukiwa wazi majirani waone, akafundishwa kukata kipande kwenye fremu yake ya plastiki kwa wembe, kulainisha ukingo kwa msasa, kuweka tone moja tu la gundi kwa ncha ya kijiti. Vidole vyake vya ushonaji vilijifunza haraka.

"Mpenzi, utaninyang'anya kazi," Sebastiani alimwambia.

"Nikunyang'anye ya nini? Nitakuajiri."

Kitu kimoja tu kilikuwa hakiguswi. Juu ya kabati kulikuwa na boksi la zamani lililopauka, limefungwa kamba ya katani. Picha yake ilikuwa ya ndege ileile iliyowakutanisha. "Hilo usiliguse," Sebastiani alimwambia mara moja, akabadili mazungumzo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Sebastiani alisafiri wiki mbili kwenda mafunzo Moshi, akamwachia Efrazia ufunguo. Siku ya kwanza alipokwenda kufagia alikuta paa limevuja na maji yameanza kudondokea juu ya kabati. Akalishusha lile boksi. Chini yake palikuwa pamelowa. Akafungua kamba ili akaushe vilivyomo.

Ndani alikuta ndege iliyounganishwa nusu, na vibaya. Bawa moja limepinda, gundi imechuruzika ubavuni mpaka karibu na mlango, kipande cha mkia kimebandikwa kichwa chini. Efrazia alidhani ameelewa: huyu bwana alianza ufundi kwa kuharibu, akaona aibu, akaficha. Moyo wake ukajaa huruma. Usiku walipoongea kwa simu hakumwambia. Sebastiani alipouliza, "Unafanya nini, mpenzi?" alijibu, "Nakushonea kitu."

Kwa siku kumi, wateja wakishaondoka, aliibandua gundi ile kwa wembe, akapiga msasa ubavu mpaka ukawa kama yai, akanyoosha bawa, akageuza mkia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake.

Sebastiani aliporudi, aliikuta mezani juu ya kitambaa cheupe. Efrazia alisimama kando, amevaa gauni jipya la rangi ya zambarau, mikono nyuma, akisubiri kusifiwa.

Sebastiani aliinyanyua. Akaigeuza ubavu kwenye mwanga, akaupapasa kwa kidole, mara moja, mara ya pili.

"Hapa palikuwa na gundi," alisema.

"Niliitoa yote. Ilikuwa imemwagika vibaya."

"Palikuwa na alama ya dole gumba."

"Ya kwako?"

"Ya mdogo wangu." Sauti yake haikupanda. "Hermani. Amekufa. Umemfuta."

"Sebastiani, hujawahi kuniambia kuwa ulikuwa na mdogo."

"Nilikwambia usiguse."

"Uliniambia nisiguse. Hukuniambia kwa nini. Mwaka mzima nakaa kwenye kiti hiki, hukunitajia hata jina lake!"

"Ondoka, Efrazia. Tafadhali."

Aliondoka. Kesho yake alifunga kibanda, akapanda basi na cherehani yake kurudi kwao Bashay. Sebastiani hakupiga simu. Efrazia ndiye aliyepiga, mara mbili, ikaita mpaka ikakatika.

Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa. Asubuhi moja yenye ukungu, mama mmoja aliyejifunga shuka nzito alibisha hodi. Efrazia hakuwahi kumwona, lakini uso ule aliujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Getruda, mama yake Sebastiani."

Alikaa, akapewa chai, akainywa yote kabla ya kusema.

"Tangu tumzike Hermani, ni miaka minne, kaka yake hakulitaja jina lake. Nikilitaja mimi, anatoka nje. Nikawa nimefiwa na mmoja, na huyu mwingine hana neno la kunipa. Juzi amekuja nyumbani Endagikot, akakaa jikoni, akalia kama mtoto. Akanisimulia yote, mpaka habari ya wewe. Sikuja kukuombea msamaha wala kumwombea yeye. Nimekuja kukushukuru, kwa sababu sasa naongea na mwanangu."

"Mama, nilifuta alama yake," alisema Efrazia.

"Najua. Inauma. Hata mimi ningependa kuiona." Mama Getruda akamshika mkono. "Lakini hukujua."

Sebastiani alikuja Jumatano iliyofuata, kwa miguu kutoka barabarani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Efrazia alikuwa anaanua nguo. Hakumkaribisha ndani, alimwonyesha gogo la nje, wakakaa, kikapu cha nguo katikati yao.

"Niliogopa kupokea simu yako," alisema Sebastiani. "Nilikukosea. Hasira ile haikuwa juu yako."

"Nisimulie habari zake."

Akasimulia. Hermani alikuwa na miaka kumi na tisa na ugonjwa wa moyo. Alichukuliwa na ndege ndogo ya wagonjwa kwenye uwanja wa nyasi kupelekwa hospitali, na ingawa alikuwa mahututi, aliomba alazwe upande wa dirisha auone Mlima Hanang. Rubani alimpenda, akampa boksi lake la zamani alilolitunza toka utotoni. Hermani aliunganisha kitandani, mikono ikitetemeka, akikataa kusaidiwa. Siku aliyobandika mkia kichwa chini walicheka wote wawili mpaka muuguzi akaja. Alifariki kesho yake.

"Nilikuwa nafikiri nikiyasema ya Hermani, yataisha," alisema. "Nikayafungia ndani ya boksi."

Efrazia alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Machozi yalikuwa yanamdondoka na hakuyafuta.

"Ule mkia," alisema, "nilijisifu sana nilipougeuza."

"Uliukalisha sawasawa. Hermani angekuchukia."

Walicheka kidogo, kwa uchungu. Kisha Sebastiani akasema, "Efrazia, nataka kukuoa. Kama bado unanitaka."

Ng'ombe walikuwa wanarudi, kengele zao zikisikika bondeni.

"Siwezi kuishi na mtu ninayembahatisha," alisema Efrazia. "Nikikosea tena, uniambie siku hiyo hiyo, hata kwa hasira."

"Nitakwambia."

"Baba yupo Jumamosi. Njoo na mama."

Jumamosi walikuja. Efrazia alikuwa jikoni na dada zake, akikoroga ugali, sikio lake likiwa sebuleni. Alisikia salamu, sala, kisha baba yake akiuliza, kama inavyoulizwa, "Kijana, mmezaliwa wangapi?"

Mwiko ukasimama mkononi mwa Efrazia.

"Wawili, baba," Sebastiani alijibu. "Mimi na Hermani. Yeye ametangulia. Angekuwepo, leo angekaa hapa pembeni yangu."

"Mungu amlaze pema," alisema baba. "Tuambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Sebastiani akaanza kusimulia.