Mchungaji Naye Huugua

Mchungaji Nathaniel aliishi Buswelu, karibu na ziwa, na mkewe, Evelina; binti yao Odeta alikuwa ameshaolewa. Tangu asubuhi watu walipiga hodi. Huyu ana mgonjwa, yule amefiwa. Nathaniel aliwasikiliza wote.

Siku moja mtumbwi ulizama ziwani. Familia moja nzima ya waumini wake ilikufa maji, pamoja na watoto aliowabatiza mwenyewe. Nathaniel aliwazika. Hakulia. Aliwafariji wengine.

Baada ya hapo alibadilika. Usiku hakulala. Chakula alikisogeza pembeni. Zamani walikula wakicheka mpaka jirani anauliza kuna nini. Sasa Nathaniel aliketi mezani, kimya, na Evelina akamkumbuka kama mtu anavyomkumbuka aliyesafiri mbali.

"Baba Odeta, una nini?"

"Nimechoka tu. Naendelea kuomba."

Asubuhi moja akasema polepole, "Mke wangu, natamani nisiamke tena."

Evelina alishtuka. Aliogopa waumini wangesema mchungaji wao hana imani. Hata hivyo alimpigia simu jirani yao Sihaba, ambaye ni nesi. Sihaba alikuja mara moja.

"Umefanya vizuri kuniambia, Mama Odeta," alisema. "Huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona, huzuni nzito isiyoisha. Mwenye imani anaugua sonona kama anavyougua malaria, na unatibika. Lakini mtu akisema anatamani asiamke, hatungoji. Usimwache peke yake. Twende hospitali leo."

Nathaniel alikataa. "Mimi ndiye ninayefariji watu. Huko nitasema nini?"

"Utasema yaliyokupata, Mchungaji. Wapo watu wa kukusikiliza wewe. Na siri yako wataitunza."

Evelina akamshika mkono. "Nimekukumbuka, Baba Odeta."

"Mbona niko hapa?"

"Hupo. Nataka urudi."

Nathaniel akainuka, akatafuta viatu vyake.

Hospitalini alikutana na mshauri nasaha. Mwanzoni alizungumzia uchovu tu. Baadaye aliwataja wale watoto kwa majina, akalia sana. Daktari alimpa dawa na kumwambia asiziache bila kumuuliza. Wazee wa kanisa waligawana kazi ya kutembelea wagonjwa na wafiwa, naye akapata siku ya kupumzika.

Hakupona haraka. Kuna siku alikuwa na moyo mzito tena, na Evelina alingoja. Polepole usingizi ulirudi.

Jumapili moja alisimama mbele ya waumini. "Nimeugua sonona," alisema. "Ninaomba, na ninatibiwa hospitalini."

Watu walipotoka, mvuvi Machibya alibaki kwenye benchi. Yeye ndiye aliyetoa miili majini siku ile.

"Mchungaji," alisema, "hata mimi silali. Watanipokea huko?"

Nathaniel akaketi karibu naye. "Watakupokea. Kesho ni siku yangu ya kliniki. Twende wote. Sasa niambie, ilikuwaje?"

Mvuvi akaanza kusimulia. Evelina alisimama mlangoni, akamwona mume wake akisikiliza. Alikuwa ni yeye, yule ambaye Evelina alimngoja arudi.