Kagure Anaogopa Nini?

"Nderitu! Wewe kuja haraka! Daktari Ambalal naita kwa simu!"

Nderitu aliacha jora la kitambaa likijikunjua sakafuni, akakimbilia kaunta. Mwajiri wake, Mzee Laxmidas, alimpa simu kisha akajifanya anapanga vifungo, masikio kayatega.

"Amesema!" Daktari alisema. "Nimemlaza kwa maneno, akatulia vizuri, akasema."

"Kagure? Na mdomo yake?"

"Kwa mdomo wake. Nilimuuliza anaogopa nini. Akajibu neno moja tu: mahari."

Nderitu alishika kaunta.

"Mahari... ya kuoa?"

"Kuna nyingine? Pole, bwana. Nadhani binti huyu hataki kuolewa."

Tangu siku ya posa, Kagure alikuwa bubu. Kwa Wagikuyu, wazee wa kijana wakileta pombe, baba haigusi mpaka binti yake aulizwe mbele ya watu. Akisema "kunyweni", mambo yameiva. Siku hiyo Mzee Gicheru alimuuliza binti yake, "Kagure, tunywe hii pombe?" Kagure akafungua mdomo, sauti ikakataa. Haikurudi siku ile wala zilizofuata. Wazee wa Nderitu walirudi Kiganjo wamenuna, na shangazi wote wa Mukurweini wakawa madaktari: huyu anasema karogwa, yule anasema anajifanya.

Daktari wa koo alichungulia, akasema koo ni zima. Ndipo wakaelekezwa Nyeri mjini kwa Ambalal, mzaliwa wa Mombasa, aliyesomea ng'ambo tiba ya kumlaza mgonjwa kwa maneno, bila sindano, hadi akili itoe kilichojificha.

Jamani, Nderitu aliikosa sauti ya Kagure! Msichana hakuwahi kuingia darasani, lakini sauti yake ya kuuza ndizi sokoni ilisikika ng'ambo ya bonde. Nderitu alitamani hata yale matusi yake ya mapenzi. Alimwona kila Jumapili, akamshika mkono, na bado alimkosa.

Kesho yake alasiri alimkuta kwenye benchi la kliniki.

"Kagure, niambie ukweli. Unanitaka?"

Kagure alitikisa kichwa juu chini, kitambaa kikamwanguka.

"Basi mbona unaogopa kulipiwa ruracio? Ati uliambia Daktari."

Kagure alimkodolea macho. Hakukumbuka kusema lolote.

"Mtu akiwa macho anaweza kukuonea huruma," Nderitu alisema, machozi yakimlenga. "Lakini kwa usingizi hakuna uongo. Nitaambia wazee waachane na hiyo maneno."

Kagure alimng'ang'ania koti. Daktari akatokea mlangoni.

"Bwana, hata usingizi wangu hauna kiapo. Kama Kagure ataridhia, ingia usikie mwenyewe."

Kagure aliridhia. Alimvuta ndani kama mbuzi wa sokoni.

Daktari alianza, sauti yake ya chini na ya polepole.

"Pumua... Macho mazito... Fuata sauti yangu. Hapa uko salama, Kagure. Unaogopa nini?"

Kisha sauti ikatoka, nyembamba, ya mtoto.

"Mahari."

Daktari alimwinamia.

"Mahari ya mbuzi na ng'ombe?"

"Mbuzi gani?" Kagure aliuliza, macho yamefumbwa. "Mahari kwa mtaro. Hapo mahari mama arianguka."

Nderitu aliruka kitini.

"Daktari! Si hiyo mahari! Ni place! Anaogopa place! Kwetu wengi hawana hiyo L yenu! Na kitu ya kulipia bibi tunaita ruracio. Huyu hajawahi kuita mahari tangu azaliwe!"

Daktari alijipiga paji la uso, kisha akamwashiria anyamaze.

"Endelea, Kagure. Hapo mahali kuna nini?"

"Wamama wanachimba. Nimeretea mama maji. Ameanguka, haamki. Askari anasema, wewe kasichana, ukifungua mdomo unamfuata. Sikufungua. Sikumuita mama."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipowachimbisha wanawake mitaro kuwazuia Mau Mau. Mzee Gicheru alikuwa kizuizini, na aliporudi aliambiwa tu kwamba mkewe aliugua akafa. Akamchukua mtoto, wakahama Kiganjo kwenda Mukurweini. Mtoto hakumwambia mtu.

Nderitu akakumbuka. Siku ya posa, kabla tu Kagure hajaulizwa kuhusu pombe, Hezekiah, ami yake Nderitu, alikuwa amesimama akijigamba: "Nyumba ya bibi tutajenga pale Kiganjo, kwa ule mtaro wa zamani. Udongo wa hapo ni mzuri sana!"

Daktari alimrudisha Kagure taratibu. "Utakumbuka yale tu unayoweza kuyabeba. Sasa amka."

Aliamka akilia bila sauti. Alikuwa ameyakumbuka yote. Nderitu alipiga magoti mbele yake.

"Kagure, sitajenga huko. Baba akitaka, apande miti. Amesema mtoto akikataa hiyo shamba hana ingine, basi, sina. Tutakodisha chumba hapa town. Na nisamehe. Uliniambia ukiwa macho, nikaamini usingizi."

Kagure alimtazama sana. Akakohoa.

"Baba yako atakuua."

Sauti ilikwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Umesema nini?"

"Nimesema baba yako atakuua! Nani anakataa shamba? Wewe uko na akiri kweri?"

"Sema tena."

"Utarara nje, Nderitu! Na mimi nitarara nje na wewe, mjinga hii!"

"Tena, Kagure. Tafadhali."

Akasema tena, kwa ile sauti ya sokoni, huku amemkumbatia kichwa. Nje, wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walisikia mwanamume akilia kwa kwikwi na mwanamke akimtukana, wakatazamana, na mama mmoja wa Kangema akachukua kikapu chake akaenda nyumbani.