Kompyuta ya Mwalimu Émerance

Mwili wa Gradi ulilala kando ya mfereji, mbele ya kibanda chake cha kutengenezea simu, huko Katuba. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Mtu mmoja mwenye huruma alikuwa ameshamfunika kwa kitenge, lakini kitenge kilikuwa kifupi na mguu mmoja ulibaki nje, hauna kiatu.

Inspekta Olive Kapya aliinama, akafunua, akatazama, akafunika tena. Mawe, matofali, kipande cha nondo. Hakuhitaji daktari kumweleza kilichomuua.

"Aliiba nini?"

"Ordinatère ya Mwalimu Émerance," muuza makaa alijibu. "Bantu balikasirika, Mama Inspekta. Wezi bamezidi hapa."

"Nani alimwona akiiba?"

Muuza makaa akaanza kupanga upya mafungu yake.

"Na hiyo kompyuta iko wapi?"

Watu wakatazamana. Brigedia Emery, polisi wa cheo cha chini na msaidizi wa Kapya, alikuwa ameshapekua kibanda chote: simu zilizopasuliwa, bisibisi, waya wa kulehemu, picha ya arusi. Alikuwa amekwenda mpaka nyumbani kwa marehemu na kurudi mikono mitupu. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wamemuua mtu wa miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo kabla ya jiwe la kwanza.

Emery aliwakamata wanne ambao nguo zao zilikuwa bado na damu. Kapya akavuka barabara kwenda kwa mwenye mali.

Mwalimu Émerance aliishi katika lupango, ua mmoja wenye nyumba mbili. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mwalimu wa shule ya msingi, mjane asiye na mtoto. Alikuwa ameketi kitandani, viatu vya kazini bado miguuni.

"Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu, Mama," alisema. "Niliinunua wiki mbili zimepita. Nilitaka kitu kidogo tu. Kuandika masomo, mitihani ya watoto, kusoma kwa intaneti. Na betri yenye kukaa, sababu umeme unakatika kila siku."

"Nani alikuchagulia?"

"Papa Léonard, jirani. Anafundisha kompyuta sekondari. Mtaa wote unamwita Enjinia. Mi sijue bile bintu."

"Ilifanya kazi vizuri?"

"Hapana. Kuiwasha tu, unaweza kupika chai na kuinywa. Betri haikufika nusu saa. Niliona haya kumwambia Enjinia. Jumatatu nikampa Gradi aiangalie. Jumanne akairudisha, akasema Alhamisi jioni tutakaa watatu, mimi, yeye na Enjinia, atueleze."

"Leo ni Alhamisi."

"Leo. Nimerudi shule saa nane, nikakuta meza iko tupu. Nikapiga kelele."

"Ulimtaja Gradi?"

Émerance akafunika uso. "Waliuliza nani aliigusa wiki hii. Nilisema jina tu, Mama. Jina tu."

Kapya akageuka. Aliukagua mlango. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Ukutani, chaja ilikuwa bado imechomekwa. Mwizi anayeiba ili auze haachi chaja, maana mashine bila chaja ni nusu ya bei.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Papa Léonard. Tunaachiana, kama mvua ikinyesha nguo ziko inje."

Enjinia Léonard alikuwa amekaa sebuleni kwake, katika nyumba ya pili, tai shingoni, jasho usoni. Alisimama kwa heshima.

"Ile kompyuta ilikuwa nzuri, Papa Léonard?"

"Nzuri sana. Niliichagua mwenyewe. Betri saa tano."

"Saa tano?"

"Saa tano kamili."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Shuleni."

"Na walipokuwa wanampiga Gradi?"

"Humu ndani. Sikuona kitu."

Kapya aliandika maneno hayo yote bila kuinua macho. Mtu hujisifia alichochagua, hilo ni la kawaida. Lakini nusu saa na saa tano ni mbali mno. Alituma Emery shuleni. Emery akarudi na jibu fupi: Alhamisi Enjinia hakuonekana darasani hadi saa sita.

Ijumaa asubuhi walikwenda Kamalondo, kwenye duka lililoandikwa kwenye risiti ya Mwalimu, la Asumani, mzee mwenye asili ya Maniema anayeuza kompyuta zilizokwisha tumika. Aliikumbuka mashine mara moja.

"Ya rangi ya fedha, nyembamba, inang'aa. Enjinia aliipenda kwa sura. Nilimwambia, washa, chomoa chaja, ngoja, angalia kumbukumbu ya ndani. Akasema yeye si mutoto wa kufundishwa. Nilikuwa na ingine nyeusi, nene, mbaya kwa macho, bei ya chini. Betri mupya. Kwa mwalimu wa kuandika mitihani, ndiyo ile ilimfaa. Hakuitazama hata."

"Gradi alifika hapa?"

"Jumanne. Aliifungua ile mashine akakuta kumbukumbu ni nusu ya ile kibandiko kinasema, na betri imekufa. Wallahi mimi pia sikujua, niliinunua hivyo. Tukapatana aje na mwenyewe, nimbadilishie ile nyeusi." Asumani alishusha sauti. "Akaniomba kitu kimoja. Nisiseme dukani kama Enjinia alikosea. Alisema, yule papa ana jina mtaani, tusimwaibishe."

Emery alikohoa. Kapya akauliza, "Baada ya hapo uliiona tena ile mashine?"

"Jana. Enjinia mwenyewe aliileta, saa ine asubuhi, ndani ya mufuko. Alitaka nibadilishe haraka haraka. Nikamwambia risiti iko na jina la Mwalimu, mulete Mwalimu."

"Jana Alhamisi? Una hakika?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa nafungua duka, Mama. Jana."

Mashine waliikuta nyumbani kwa Léonard, nyuma ya gunia la unga wa mahindi. Hakubisha. Alikwenda kwenye gari kwa miguu yake, kama mtu aliyechoka kusubiri.

Katika chumba cha mahojiano Kapya alimpa maji kwanza.

"Ulijuaje kama Gradi ameona kasoro?"

"Aliniambia mwenyewe, Jumanne jioni. Kwa adabu. Alisema tukae na Mwalimu, kuna kitu kidogo cha kurekebisha. Sikulala usiku ule. Miaka kumi na sita nafundisha kompyuta, Mama Inspekta. Mutu wa kutengeneza simu atakaa mbele ya Mwalimu anionyeshe nilichokosa kuangalia? Nilisema, nitaichukua Alhamisi asubuhi, kabla ya kile kikao, nitabadilisha, nitairudisha mezani kabla hajatoka shule. Nitamwambia nimeiboresha."

"Asumani akakataa."

"Akakataa. Nikaenda shuleni, sikufundisha kitu. Nikarudi nyumbani kuirudisha mezani. Nikakuta..."

"Walikuwa wanampiga?"

"Walikuwa wameanza tu."

"Mfuko ulikuwa wapi?"

"Begani."

"Na mashine?"

"Ndani ya mfuko."

Kapya aliweka kalamu chini.

"Kulikuwa na nafasi ya kusema?"

"Ilikuwepo. Alikuwa bado amesimama. Aliniona, Mama. Akaita, 'Enjinia, baambie! Baambie niliirudisha!' Watu wakageuka kunitazama. Wote walinyamaza, wakaningoja mimi. Ningefungua mfuko tu. Nikafikiri, watasema Enjinia ni mwizi. Nikasema sijui kitu. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Kule ndani nilisikia yote."

Kapya alikuwa amejiuliza njiani kama amwambie au asimwambie. Akaona ni haki yake kujua.

"Gradi alimwomba Asumani asiseme kama ulikosea. Alitaka kulinda jina lako."

Léonard akaisogeza kando bilauri ya maji. Kisha akalaza paji la uso juu ya meza, na sauti iliyotoka haikuwa maneno. Emery akatoka nje akasimama barazani.

Mashtaka ya Léonard yaliandikwa mchana ule: wizi, na kumwacha mtu aliye hatarini bila msaada. Wale wanne walishtakiwa kwa mauaji. Kapya aliyasoma maneno hayo mara mbili akayaona mepesi, lakini sheria haikumpa mengine.

Saa kumi Émerance aliitwa kuitambua mashine. Aliitazama pale mezani, akatia sahihi, akasema haitaki tena, hata kesi ikiisha. Alipotoka alimkuta Glodie, mke wa Gradi, kwenye benchi la korido. Alikuwa hapo tangu asubuhi akingoja kibali cha mazishi.

Glodie aliinua macho. Hawakuwa wanajuana, isipokuwa kwa kupishana njiani.

"Mama," alimuuliza, "wewe unakaa ile avenue. Ni nani alianza kusema jina la bwana yangu?"

Kapya, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona kwamba Émerance angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angembishia.

"Ni mimi," Émerance alisema.

Glodie alimtazama tu. Kapya akarudi mezani kwake, akautafuta muhuri, akakigonga kile kibali.