Kiota Ndani ya King'ora cha Kaskazini

Wewe uliyejifunika blanketi hapo, hebu niambie: king'ora kilichokatwa umeme kinapata wapi pumzi ya kunguruma?

Twyla Novotny, fundi wa ving'ora vya kuonya kimbunga, alijiuliza hivyo Jumatano ya kwanza ya Januari, siku ya majaribio, akiwa peke yake chini ya nguzo. Mkulima mmoja alikuwa amepiga simu ofisini kulalamika kwamba king'ora cha kaskazini kinakoroma tangu alfajiri. Twyla akaja na gari la ngazi, akakata swichi kuu kwa mkono wake, bado kikanguruma. Ndipo akaona kitu kidogo. Theluji ilikuwa imelala juu ya uzio, juu ya maghala ya mahindi, juu ya ving'ora vyote alivyovipitia asubuhi. Juu ya hiki, hata chembe. Kilikuwa kikavu, kama kitu chenye joto la mwili.

Kwenye baridi ile ving'ora havipigwi. Barafu ikishika mapanga ya ndani, mota inaungua. Hupimwa kimya: ofisini wanabonyeza, boksi la nguzoni linajibu kwa redio kwamba lipo, watu wanarudi kwenye kahawa yao. Na boksi linajibu hata mota ikiwa maiti. Wakubwa wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wanaipenda baridi.

Hiki hakuruhusiwa kukigusa. Delmar Ruzicka, mkuu wa maafa wa kaunti, rafiki wa baba yake tangu shule, alimwambia siku alipomwajiri: "Cha kaskazini niachie mimi, mwanangu. Pale pana machungu yako." Twyla alilia kwa shukrani. Na digrii yake ya umeme alikuwa anapanga makopo dukani. Nani mwingine angemshika mkono?

Machungu yenyewe ni haya. Mei iliyopita kimbunga kiliibeba nyumba ya trela ya Orrin, baba yake, ng'ambo ya barabara inayopita chini ya nguzo hii, na mwenyewe ndani. "King'ora kilipiga, mwanangu, watu walikisikia," Delmar alisema msibani, mkono juu ya jeneza. "Lakini unamjua mzee wako. Mbishi." Twyla akamzika baba yake kwa hasira. Hata ua hakumwekea.

King'ora kikanguruma tena. Harufu ikashuka: tumbaku ya kiko, ile tamu ya cheri, na nyuma yake manyoya ya mbwa aliyelowa. Akapiga simu.

"Anko, nipo kaskazini. Kinanguruma."

"Ni upepo tu."

"Hakuna upepo. Na umeme nimekata."

"Rudi bwana ule keki za kolachi, Bernice wa hapa ofisini kaleta za plamu. Zitaisha, unawajua hawa mafisi."

"Anko, ninanusa kiko cha baba."

Sauti ya Delmar ikawa mnong'ono. "Usipande. Nakuomba, Twyla. Usipande."

Ombi hilo ndilo lililompandisha. Aliingia kwenye ndoo ya gari la ngazi, simu ikiwa bado wazi kifuani, na kadiri alivyoinuka ngurumo ile ililainika ikawa pumzi, pumzi ikawa koo la mtu mzima anayejikohoza kabla ya kusema, na tumbaku ikamjaa mdomoni kama aliyeitafuna, na alipofika sawa na domo la king'ora hewa ya uvuguvugu ikamgusa shavu, ikamwita kwa jina ambalo mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwitia.

"Twylie."

Akawasha tochi. Katikati ya mapanga palikuwa na kiota cha shomoro kilichofumwa kwa manyoya meupe, na mayai yametulia ndani, yamepasuka kwa baridi. Kila Aprili Orrin alimchana mbwa wake mweupe barazani, akawaachia ndege manyoya. Majaribio ya Aprili yaliahirishwa kwa mawingu, watu wasije wakadhani ni kimbunga cha kweli. Mei, siku ya kimbunga, kama mapanga yale yangezunguka hata mara moja, kiota kingekuwa vumbi.

"Nilikuwa macho, Twylie," king'ora kikasema. "Nilikaa barazani nasubiri king'ora."

Kifuani, simu ikapaza sauti ya Delmar: "Orrin? Orrin, mota iliungua ile baridi ya kabla ya kimbunga! Nilidhani tutawahi kuitengeneza!"

"Ulishika jeneza lake," Twyla akasema.

"Shuka, mwanangu, tuongee kifamilia."

Hapo king'ora kikapiga. Mji mzima ulikisikia. Watu walikimbilia vyumba vya chini na sahani mikononi. Twyla alikuwa amekiangalia machoni: mapanga hayakusogea. Yai halikutikisika.

Mchungaji alikuja na mafuta yake akaliita pepo. Madiwani waliliita hitilafu. Mimi naliita jini, kwani jini linaombaga viza? Wamekishusha, wamekifungia ghalani, hakina waya hata mmoja. Kila Jumatano kinajikohoza.

Twyla amekataa kukigusa. Alisimama kwenye kikao chao, kiota mkononi.

"Madiwani, mlibonyeza kimya mkaiita kazi. King'ora kipya kaskazini, na kipigwe watu wasikie. Na wewe Delmar, Jumapili usimame kanisani, mbele ya kila uliyemwambia, useme baba yangu hakuwa mbishi. Alikuwa anasubiri. Sema. Anakusikiliza."