Gari-Nyumba la Atupele

Sauda Msangi alikuwa sebuleni kwake Dodoma, lakini mikono yake ilikuwa Tukuyu. Alikuwa amevaa miwani ya safari na glavu za mguso, na kila alichokishika kule, glavu zilimletea ubaridi na ugumu wake. Alipapasa sinki. Akafungua kabati, akasikia bawaba ikikwaruza. Akabonyeza godoro.

"Meza hiyo aliitengeneza mume wangu," alisema muuzaji, mwanamke wa makamo aitwaye Atupele. "Ukiishusha inakuwa kitanda cha mgeni."

Gari-nyumba lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa na jiko, choo na paa la kunasa umeme wa jua. Sauda alilitaka kwa ajili ya Kiondo, mumewe. Vumbi la Dodoma, ambalo siku hizo halikutulia hata masika, lilikuwa limemharibia mapafu, na daktari alitaka ahamishiwe kwenye hewa ya baridi. Nyumba za nyanda za juu zilikuwa hazikamatiki tena kwa bei. Gari lenye kitanda ndilo waliloliweza.

"Nitaliomba soko la mtandaoni litume kikaguzi," Sauda alisema. Kikaguzi kilikuwa mashine ndogo iliyojiendesha hadi lilipo gari, ikasoma namba ya chesisi na kuthibitisha mmiliki.

"Omba tu, dada. Ila foleni yake ndefu, na kuna mteja wa Mbeya anakuja kesho." Atupele, aliyekwisha kuelezwa habari za Kiondo, alimsogelea. "Mgonjwa wako ananiuma. Ukinilipa mwenyewe, nje ya soko, yule ninamkatalia."

Atupele akamshika mkono. Glavu zikapata joto. Sauda akalipa.

Kulipokucha tangazo lilikuwa limefutwa, na Atupele hapatikani. Sauda alipanda basi hadi Tukuyu, kwenye anwani aliyopewa.

Gari lilikuwepo. Lilisimama uani, majani yamefunika magurudumu. Mzee mmoja alitoka ndani ya nyumba, akamtazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemfuata Atupele." Hakuwa anauliza. "Mimi ni Asajile, mume wake. Alishafariki, mama. Kaa hapo."

Alimweleza polepole. Atupele alipougua, walitaka kuliuza gari wapate matibabu. Alijirekodi akiwaonyesha wanunuzi gari mwenyewe, uso, sauti na mikono. Akafa kabla halijauzika. Matapeli wakaiba ile rekodi, wakailisha akili-bandia, nayo ikajifunza kujibu, kubembeleza, na kupokea fedha.

"Ndugu wa marehemu akiomba, uso unafutwa siku hiyohiyo," Sauda alisema. "Mbona hujaomba?"

Mzee aliangalia viganja vyake. "Nilitaka. Nikasema nimsikie mara moja kwanza. Nikajifanya mnunuzi, nikamuuliza habari za meza." Aligeukia gari. "Akanisifia mbele yangu. Tangu hapo, wakifuta tangazo na kuweka jingine ninalitafuta, na kila Jumapili mimi ni mnunuzi. Wenzako waliokuja niliwaambia nimesharipoti, wakaondoka. Nimechoka kudanganya."

Hasira ilimpanda Sauda, ikakosa pa kutua.

"Mume wangu hapumui vizuri, baba. Basi tuuzie kweli, nitakulipa kidogo kidogo."

"Ndimo alimofia. Siwezi."

"Kuna mtu anaongea naye sasa hivi. Labda naye ana mgonjwa."

"Najua." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikushika mkono?"

"Alinishika."

"Mimi hajawahi kunishika. Labda anawashika wanaosita tu."

Sauda alitoa simu, akaitafuta namba ya polisi wa mitandao. Ushahidi wake ungetosha. Jioni hiyo uso ungekuwa umefutwa. Mzee aliiona namba kwenye kioo. Hakumzuia.

"Usingengoja Jumapili ipite?"

Sauda alimfikiria Kiondo, ameegemea mito miwili ili apate pumzi. Akabonyeza. Sauti ya askari ikaitika, naye akaanza kutaja jina la marehemu.

Mzee Asajile aliinuka kwa haraka ambayo miguu yake haikuiweza, akajikwaa kizingitini, akaingia ndani. Kupitia dirishani, Sauda alimwona akivaa miwani, kisha akihangaika kuingiza vidole kwenye glavu.