Sauti ya Zahanati ya Igowole

Rafiki yangu Adrian, fundi kompyuta wa Iringa, aliitwa kwenye zahanati moja Igowole. Programu ya kuita wagonjwa ilikuwa imegoma kwenye kompyuta mpya.

"Inategemea mafaili ya zamani ya mfumo," alimwambia nesi Eveline. "Nikiyahamisha, itafanya kazi."

"Hamisha tu, kaka. Sauti yake inajua kutaja namba tu, ila wagonjwa wameizoea."

Alipomaliza, wagonjwa na nesi walikuwa wameshaondoka, amebaki peke yake kwenye ukumbi wa kusubiri. Umeme ukakatika, ukumbi huo usio na dirisha ukawa giza tupu. Spika ikakwaruza hivyo hivyo, bila umeme.

"Apolonia Kihwele, ingia."

Huyo ni mama yake Adrian. Walikuwa wamemzika Jumamosi.  

Nyuma ya Adrian benchi likalia, kisha ndala zikaburuzwa taratibu kuelekea chumba cha daktari.